Masika ya Mchakato

Mlandizi, Jumanne, 7 Aprili

Mvua imeanza alfajiri, Bunge limeanza saa tatu. Vyote viwili nilikuwa navisubiri na vyote viwili naviogopa. Mvua kwa ajili ya paa la jikoni. Bunge kwa ajili ya mdogo wangu Mwinyimadi, ambaye tangu awe Naibu Waziri namwona zaidi kwenye runinga kuliko kwenye kochi langu.

Nimestaafu ualimu. Sina tena wa kumsahihisha, basi naandika humu nijisahihishe mwenyewe. Mwalimu akistaafu asipate pa kusemea anageuka mgomvi, na mimi mgomvi nilikuwa tangu kazini, sitaki kuzidisha.

Habari kubwa ya nyumba hii ni Jabiri, kitinda mimba wangu. Vijana wa hapa wanaofanya kazi za mtandaoni kwa watu wa nje hulipwa kwa sarafu za kidijitali. Jabiri alikuwa anawabadilishia kuwa shilingi, anabaki na chake kidogo. Februari polisi wakaja, wakachukua simu yake na kompyuta, wakamlaza ndani, kisha wakamtoa kwa dhamana. Tangazo la zamani la Serikali linasema sarafu hizo haziruhusiwi. Sheria ya kodi ya juzijuzi inasema ukizihamisha unakatwa kodi. Sasa mwanangu ni mhalifu au ni mlipa kodi? Mpelelezi, kijana mstaarabu, aliniambia, "Mama, tunasubiri mwongozo wa wizara. Ukisema ni kosa, faili linakwenda mahakamani. Ukisema siyo, anachukua vitu vyake anarudi nyumbani."

Wizara yenyewe ndiyo hiyo ya mdogo wangu.

Alhamisi, 9 Aprili

Leo kipindi cha maswali. Aliyesimama kuuliza ni Kashinje, mbunge wa viti maalumu. Kashinje ni Msukuma wa Gwata. Wazazi wake walihamia na ng'ombe zao yeye akiwa bado mgongoni. Sasa anakaa hapa Mlandizi, nyuma ya soko. Ni mtani wangu. Sisi Wazaramo na wao tuna ruhusa ya kutukanana tangu enzi za mababu, na atakayenuna ndiye mwenye makosa.

Bungeni lakini hakutania. Kasimama na kilemba chake cha njano: je, ni lini Serikali italeta mbele ya Bunge taarifa ya wataalamu kuhusu usimamizi wa sarafu za kidijitali, pamoja na rasimu ya kanuni zake?

Akainuka Mwinyimadi. Suti nzuri. "Mheshimiwa Spika, Serikali inaendelea na mchakato, na utakapokamilika Bunge lako litajulishwa."

Akaketi. Kashinje akauliza la nyongeza: mchakato huo umefika wapi? Akainuka tena: mchakato uko katika hatua nzuri.

Jabiri alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. "Mheshimiwa amejibu vizuri sana," akasema, akatoka. Siku hizi hasemi tena mjomba. Anasema Mheshimiwa.

Jumatatu, 13 Aprili

Mvua kutwa. Waliofurahi ni bata peke yao.

Jumanne, 21 Aprili

Jabiri kaenda kuripoti kituoni, karudi na matope hadi magotini na neno lile lile: subiri. Nimempigia simu Mwinyimadi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Jabiri leo kaenda kituoni."

Akaniuliza, "Huko mvua inanyesha?"

"Inanyesha. Nimekwambia mwanao kaenda kituoni."

"Dada, hilo usiniulize. Nakuomba sana."

Nikamkatia simu. Kwetu Uzaramoni mtoto ni wa mjomba wake kabla hajawa wa baba. Baba yake Jabiri alipofariki mtoto alikuwa bado hajui kufunga kamba za viatu, na ni Mwinyimadi huyu huyu aliyemshika jandoni, aliyemfundisha baiskeli, aliyemlipia chuo. Leo hata jina lake halitamki, utadhani litamchoma ulimi. Cheo kimemwingia kichwani. Nimeandika hivyo kwa hasira na sifuti.

Jumatano, 29 Aprili

Kashinje kanipigia kutoka Dodoma. Kamati yao imeziomba rasmi zile nyaraka. Jibu la wizara: bado ni za ndani, mchakato unaendelea. "Mtani," akasema, "ndugu yako ana neno moja tu. Shuleni ulimfundisha wewe?"

Jumamosi, 2 Mei

"Hodi kwa Wazaramo! Mmeamka, au ngoma ya jana bado inawalewesha?"

"Karibu Msukuma. Viatu acha nje, na ng'ombe pia."

"Ng'ombe nimemwacha Gwata. Hapendi kukaa na watu wanaouza shamba ili wacheze ngoma." Ndipo akapiga goti kidogo, sauti ikabadilika. "Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Kaniletea maziwa mgando kidumu kizima. Nikampa ugali, akala kama anayejiandaa kwa safari, nikamwambia hivyo, akasema sisi tunakula kama ndege ndiyo maana kazi za shamba zimetushinda. Tumecheka mpaka Jabiri katoka chumbani, na mimi kumwona mwanangu akicheka sikumbuki lini mara ya mwisho.

Nikamuuliza kwa nini ameng'ang'ana na jambo hili, Bunge zima lina mambo ya barabara na mbolea. Akaniambia habari za Margareta, binti wa dada yake huko Gwata. Anachora picha za vitabu vya watoto kwa watu wa ng'ambo, wanamlipa kwa sarafu hizo. Tangu Jabiri akamatwe, malipo yake anayaona kwenye simu lakini hayaliki. Hathubutu kwenda kwa mtu mwingine asije naye akamtia matatani.

"Kwa hiyo unamsumbua ndugu yangu."

"Simsumbui, namlea. Ninyi mlimlea nusu."

Alipoondoka Jabiri akaniuliza, "Mama, hivi yule ni wa kwao au ni wa kwetu?"

Alhamisi, 14 Mei

Paa la jikoni limeshindwa. Jabiri amepanda, ameziba. Kupanda juu ya paa ndiyo ajira yake siku hizi.

Ijumaa, 22 Mei

Leo bajeti ya wizara ya Mwinyimadi. Nimeacha dengu motoni zikaungua, wala sijuti.

Kwa atakayekuja kusoma humu asielewe: Bunge linapopitisha fungu la wizara, mbunge asiyeridhika anaweza kushika shilingi ya mshahara wa Waziri. Ni shilingi moja ya maneno tu, haionekani, lakini akishaishika, Waziri ajieleze hadi mwenye kushika aridhike, au wapige kura. Kashinje akaishika. Nilipiga makofi peke yangu sebuleni.

"Sitaki mchakato," akasema. "Nataka nyaraka. Kuna vijana hawajui kama wanalala raia wakaamka watuhumiwa. Tuambieni tu ni kosa au si kosa."

Wawili watatu wakamuunga mkono. Wengi wakapinga kwa sauti za upole zile ambazo huwa zinaniudhi kuliko matusi. Waziri mwenyewe akasimama, akaeleza vizuri, kwa heshima, dakika nyingi, na nilipoyakamua maneno yake yote likabaki moja: mchakato. Kiti kikasema, Mheshimiwa Kashinje, rudisha shilingi.

Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Akairudisha.

Kamera ikampitia Mwinyimadi. Alikuwa ameinamia makaratasi yake. Ningekuwa karibu ningemfinya sikio kama alipokuwa darasa la tatu.

Jumapili, 24 Mei

Kashinje kaja, hakupiga hodi ya utani. Kaketi kizingitini, mvua inamrushia maji miguuni.

"Mwalimu, shilingi nimeirudisha."

"Nimeona."

"Ningekataa tungepiga kura. Ningeshindwa, na hoja ingezikwa hapo hapo. Nikaona bora nusu shari."

Nilitaka kumwambia mwanangu ndiye anayekula hiyo nusu shari. Nilimwambia aingie ndani asiloane. Hatukutaniana hata neno moja, akaondoka. Kimya chetu hicho kimenitisha zaidi ya mambo yote ya Ijumaa.

Kurui, Ijumaa, 5 Juni

Shangazi Bi Zuwena amefariki leo magharibi. Sisi mama yetu alitutoka mapema. Shangazi ndiye aliyetupika tukaiva, mimi na Mwinyimadi, hapa hapa Kurui, kwa muhogo na maneno makali. Yahya, mwanawe, anasema aliomba maji, akanywa, akasema "haya," basi. Innalillahi. Siwezi kuandika zaidi.

Kurui, Jumapili, 7 Juni

Ya jana lazima niyaandike kwa utaratibu maana nikisubiri nitasema niliota.

Asubuhi vijana walianza kuchimba kaburi, Jabiri akiwa mmoja wao. Walipofika urefu wa magoti wakarudi nyumbani kunywa chai, majembe wakayaegemeza ukutani. Kumaliza chai, majembe hayapo. Wakazunguka banda, wakazunguka choo. Ndipo tukamwona Kashinje katikati ya ua, kaketi mkekani, miguu kainyoosha, anatafuna muhogo. Majembe yote na koleo mbili yako chini ya kanga yake. Amefika na Wasukuma wenzake wawili wa Gwata, nao wamekaa pembeni wakilinda.

Hakuna aliyeshangaa. Ndiyo kazi ya mtani msibani. Anazuia, anatukana, anadai, anapewa chochote, anaachia, na wafiwa wanapumua kidogo. Yahya akaenda na elfu tano. Kashinje akazitazama, akamwuliza kama marehemu alikuwa kuku. Yahya akaongeza. Kashinje akakataa. "Mimi simdai Yahya," akasema. "Mwenye deni bado yuko njiani."

Mwenye deni alifika saa saba. Gari la Serikali lilikuwa limezama kwenye tope njia ya Mzenga, kwa hiyo Mheshimiwa Naibu Waziri akaingia uani nyuma ya bodaboda, suruali imepata matope hadi mapajani, viatu kavishika mkononi. Moyo wangu ulimlainikia hapo hapo, ingawa nilikuwa nimeapa sitamlainikia. Aliingia ndani akamwona shangazi, akatoka macho mekundu. Wakamweleza habari za majembe. Akatoa pochi.

"Mtani, pole na safari. Chukua hii utuachie tumzike mama yetu."

"Hela zako za Dodoma na mimi ninazo. Wanatulipa dirisha moja," Kashinje akasema. Ua mzima ukacheka. "Nataka zile nyaraka."

"Mtani, hapa ni msibani."

"Ndiyo. Na kule ni Bungeni, na kule uliniambia mchakato. Kule nilishika shilingi nikairudisha. Hapa nimeshika majembe, na majembe sirudishi. Nataka tarehe."

Mwinyimadi akaangalia huku na huku. Kule Dodoma angekuwa na Kanuni za Bunge na Kiti cha kumwokoa. Kwa mtani hakuna Kiti. Hawezi kukasirika, hawezi kumfukuza, hawezi kukwepa. Shehe Yassin, mtu mkali ambaye sikuwahi kumwona akitabasamu, akasogea akasema, "Mheshimiwa, maiti haicheleweshwi. Mpe mtani wako haki yake twende tukazike."

"Haya," Mwinyimadi akasema, "mtani wangu, Serikali inaendelea na mcha..."

"Mchakatoooo!" Ua wote. Waliofiwa, wapishi, wachimba kaburi, wazee wa mkekani. Mimi mwenyewe nilicheka huku machozi ya shangazi hayajakauka. Mtu mmoja tu hakucheka. Jabiri alikuwa amesimama na matope ya kaburi mikononi, anamtazama mjomba wake, anasubiri.

Mwinyimadi akamwona. Nilimwona anamwona.

"Tarehe kumi na nane."

"Ya mwezi gani? Ninyi kalenda yenu ndefu."

"Ya mwezi huu. Taarifa na rasimu. Zote, mezani."

"Wazaramo mmesikia?"

"Tumesikia!"

Kashinje akainuka, akayafuta majembe kwa kanga yake moja moja, akawakabidhi vijana. Halafu akaingia ndani kwa wanawake, akamlilia shangazi kilio cha kweli, kikubwa, hadi mimi nikawa wa kumbembeleza. Alasiri tukazika. Mvua ilitupa nafasi.

Hayo ya jana. Leo asubuhi nimemkuta Mwinyimadi ameketi peke yake kwenye kinu kilichopinduliwa, anakunywa uji.

"Umeahidi usichonacho," nikamwambia.

"Ninacho, dada. Waziri ndiye hajaruhusu. Anataka itoke pamoja na kanuni zilizokamilika, sijui anaogopa nini." Akazungusha kikombe. "Ile taarifa niliisimamia mimi. Ilikamilika Januari. Inasema vijana kama Jabiri waandikishwe, wasishtakiwe. Februari wakamkamata. Nikajua nikifungua mdomo, nikitaja jina lake hata mara moja, watasema mjomba ameandika sheria ya mpwa wake, na taarifa nzima itatupwa. Nikanyamaza ili isitupwe."

Nilikaa chini. Masika yote nilimwita mwenye kiburi, na yeye masika yote alikuwa na hofu. Nilimwonea huruma na bado nilikuwa na hasira, vyote kwa pamoja, na nikaona nimwambie vyote.

"Nimekuelewa, mdogo wangu. Na nakupenda. Lakini umemlinda mtoto kwa kumkana. Yeye angejuaje kwamba analindwa?"

Aliniomba kijiko, nikampa, na uji ulikuwa umekwisha.

Mlandizi, Jumatano, 10 Juni

Kumbe kulikuwa na simu zinarekodi. Video imezagaa. Sokoni muuza nyanya kaniuliza kama tarehe kumi na nane nitachukua za kilo moja. Watoto wa shule wakiniona wanaita, "Mchakatoooo!" Simu ya Mwinyimadi haipatikani.

Jumatatu, 15 Juni

Wanasema mtaani kwamba atatumbuliwa, unaibu uishie hapo. Kashinje kapiga simu, sauti ndogo kabisa. "Mtani, nimemponza ndugu yako?"

"Umemponza," nikasema. "Na ungeacha kumponza ningekushangaa." Alicheka kidogo, akavuta kamasi.

Jabiri naye kauliza, kwa mara ya kwanza, kama Mheshimiwa amepiga. Nikamwambia hapana. Akakaa kizingitini hadi giza likaingia.

Alhamisi, 18 Juni

Mvua hakuna kabisa. Jua la kwanza la maana tangu Machi.

Saa tatu nilikuwa mbele ya runinga na tasbihi. Jabiri alijifanya anatengeneza pasi ya jirani, kwenye kiti cha nyuma yangu, bisibisi mkononi. Dua ikasomwa. Akaitwa wa hati za kuwasilisha mezani, na aliyeinuka ni Mwinyimadi, na nyuma yake mhudumu kabeba rundo la makabrasha. Bunge likaanza kupiga meza, wengine wakinong'ona lile neno. Hakutabasamu.

"Mheshimiwa Spika, kabla sijaziwasilisha naomba kutangaza maslahi. Yuko kijana Mlandizi anayeitwa Jabiri. Anachunguzwa na polisi kwa kazi ya kubadilisha sarafu hizi. Ni mtoto wa dada yangu. Mimi ndiye mjomba wake, na nimemlea." Akaweka mkono juu ya makabrasha. "Miezi yote hii sikulisema hilo, na nilikosea. Taarifa hii ilikamilika kabla hajakamatwa, tarehe iko kwenye jalada, kila Mbunge aisome. Kwa kuwa nina maslahi, nimemwomba Waziri kazi ya kanuni hizi aikabidhi kwa mwingine, naye amekubali. Sasa naomba kuwasilisha."

Akaweka mezani. Baadaye Waziri alisimama akasema Serikali imeyakubali mapendekezo: wanaofanya kazi hiyo waandikishwe, asiyemtapeli mtu asishtakiwe, na mwongozo umeshapelekwa polisi tangu jana. Spika akamwuliza Mheshimiwa Kashinje kama ana neno. Akasimama na kilemba chake cha njano, akafungua mdomo, akaufunga. Mtani wangu, aliyezuia maziko, hakuwa na neno. Akaketi, akajifuta macho na ncha ya kilemba.

Mimi nilikuwa nalia bila kujificha. Nyuma yangu bisibisi ilikuwa kimya. Sikugeuka, nilijua nikigeuka atatoka. Kamera ikarudi kwa Mwinyimadi, ameketi, peke yake kwenye benchi lake refu, kola ya shati inamcheza shingoni.

"Mama," Jabiri akasema, "mjomba amekonda."